Ununuzi wa Sikukuu Jijini Arusha: Namna ya Kulinda Fedha na Usalama wa Familia Wakati wa Msongamano

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Katika wiki za mwisho za Desemba, masoko na maduka ya Jiji la Arusha hupokea kwa wakati mmoja makundi matatu ya wanunuzi. Wapo wakazi wa jiji wanaojiandaa kwa Krismasi na Mwaka Mpya, wapo wananchi wa Meru, Monduli, Longido na Karatu wanaokuja mjini kufuata bidhaa za jumla na rejareja, na wapo wasafiri wanaopita kuelekea Kilimanjaro na kwingineko kuungana na jamaa zao. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, jiji lenyewe lina wakazi 617,631. Wanaolitumia katika siku hizo ni wengi zaidi, ilhali vichochoro vya Soko Kuu, Kilombero na Samunge vinabaki na upana ule ule.

Msimu huu huambatana na matangazo ya punguzo la bei, kuanzia maduka makubwa hadi meza za wauza mitumba. Punguzo la kweli ni nafuu kwa familia. Hata hivyo, msongamano humnyang'anya mnunuzi vitu viwili alivyo navyo siku za kawaida, yaani muda wa kukagua anachokinunua na nafasi ya kuondoka pale mambo yanapoharibika. Makala haya yanaeleza namna ya kuvirejesha vitu hivyo, sheria zinazomlinda mnunuzi, na vyombo vya umma vinavyopokea malalamiko yake.

Bajeti ianze na Januari

Nchini Tanzania sikukuu za mwisho wa mwaka hufuatwa papo hapo na kufunguliwa kwa shule. Serikali ilianza kutekeleza elimumsingi bila ada Januari 2016, na katika mwaka wa fedha 2022/2023 utaratibu huo ukafikia kidato cha tano na cha sita. Pamoja na nafuu hiyo, sare, viatu, madaftari na mkoba wa shule vinabaki kuwa jukumu la mzazi au mlezi. Familia inayotumia fedha zote kabla ya tarehe 25 Desemba huingia Januari ikikopa kwa ajili ya mahitaji yaliyojulikana mwaka mzima.

Utaratibu unaofaa ni kuanza kuorodhesha mahitaji ya Januari, kutenga fedha zake, kisha kugawa kinachobaki kwa ajili ya chakula cha sikukuu, mavazi na nauli. Fedha ya Januari isiende sokoni pamoja na mnunuzi. Inapowezekana, sare na viatu vya shule vinunuliwe mapema, kabla ya juma la kufungua shule ambapo wazazi wengi huvifuata kwa siku moja.

Mzazi anayenunulia watoto viatu anaweza kuwaacha nyumbani kwa kukata uzi au kijiti sawa na urefu wa unyayo wa kila mtoto na kwenda nacho dukani. Jambo hilo dogo hupunguza idadi ya watoto katikati ya umati na humwepusha mzazi na safari ya pili ya kubadilisha kiatu kisichotosha.

Kuchagua soko, siku na saa

Si kila kitu cha sikukuu lazima kinunuliwe katikati ya jiji. Maeneo yanayouzunguka Mlima Meru yana magulio yenye siku maalumu ambako ndizi, viazi, maharage, mboga na matunda hufika moja kwa moja kutoka mashambani. Soko la Tengeru katika Wilaya ya Arumeru huwa na gulio kubwa siku za Jumatano na Jumamosi. Ngaramtoni gulio huwa Alhamisi na Jumapili, na Kisongo, upande wa magharibi mwa jiji, ni mahali panapojulikana kwa mnada wa mifugo wa kila Jumatano.

Mnunuzi anayepanga vyema anaweza kupata vyakula katika gulio lililo karibu naye na kubakiza mjini vitu vichache tu, kama vile vitenge, vyombo na vifaa vya umeme. Kwa vitu hivyo, saa za asubuhi katikati ya juma ni bora kuliko Jumamosi mchana au siku mbili za mwisho kabla ya Krismasi. Asubuhi muuzaji ana nafasi ya kujibu maswali, na mnunuzi ana nafasi ya kwenda kuuliza bei duka la pili na la tatu.

Ikumbukwe pia kwamba Desemba ni sehemu ya msimu wa vuli. Mvua ikinyesha ghafla, watu huacha maeneo ya wazi na kukimbilia chini ya mapaa na kwenye vibaraza, na njia zilizokuwa zikipitika huziba kwa dakika chache. Mvua inapotishia, ni vyema kumaliza haraka ununuzi uliobaki ndani ya vichochoro na kutoka.

Kwa madereva, barabara ya mchepuo yenye urefu wa kilomita 42.4 kati ya Ngaramtoni na Usa River humwezesha anayesafiri kati ya Namanga na Moshi kupita bila kuingia mjini. Anayekwenda sokoni kwa gari binafsi ni vyema aegeshe mbali kidogo na eneo la soko na kumalizia kwa miguu. Kwa abiria wa daladala na mabasi, nauli hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), na wingi wa abiria wakati wa sikukuu haumpi kondakta haki ya kupandisha nauli hiyo. Abiria adai tiketi, kwa kuwa ndiyo kielelezo chake anapowasilisha malalamiko.

Punguzo la kweli na punguzo la maandishi

Punguzo hupimwa kwa bei iliyokuwapo kabla yake. Kwa mfano, kibandiko kikieleza kuwa bei imeshuka kutoka shilingi 60,000 hadi 45,000, mnunuzi anaambiwa amepunguziwa robo. Kama kitu hicho kiliuzwa kwa shilingi 45,000 mwezi Novemba, hakuna punguzo lolote. Njia rahisi ya kujilinda ni kupita madukani wiki chache kabla, kuandika bei za vitu vinavyohitajika, na kurudi na karatasi hiyo msimu unapofika.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, ikiwamo kutoa maelezo ya uongo kuhusu bei, ubora au asili ya bidhaa. Sheria hiyo inasimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Aidha, Tume imekuwa ikieleza kuwa maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yanakinzana na haki za mlaji. Mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu asiridhike na kibandiko hicho kama jibu la mwisho.

Kwa jiji la kitalii kama Arusha, lipo jambo jingine la kuzingatia. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni katika miamala ya ndani ya nchi. Mwananchi anayetajiwa bei kwa dola ana haki ya kutajiwa na kulipa kwa shilingi.

Vipimo, ubora na uhalisia wa bidhaa

Haraka ya msimu huficha upungufu wa vipimo. Wakala wa Vipimo (WMA) huhakiki mizani inayotumika katika biashara na kuipa alama ya uhakiki. Mnunuzi wa nyama, mchele au sukari aiangalie alama hiyo, ahakikishe mizani inasoma sifuri kabla ya bidhaa kuwekwa, na asimame mahali anapoweza kusoma kipimo. Vyakula vinavyouzwa kwa kisado au kwa fungu ni vigumu kulinganisha kati ya meza moja na nyingine. Anayenunua kwa wingi atapata picha sahihi ya bei kwa kutumia kilo. Kwa wanaonunua mazao kwa magunia, ufungashaji wa lumbesa umekatazwa kisheria.

Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa vyakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Vyakula vya kopo, juisi, maziwa, mafuta ya kupikia na vipodozi vinavyouzwa kwa bei ya chini kuliko kawaida vinapaswa kukaguliwa tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipiwa. Wakati mwingine bei hushuka kwa sababu tarehe hiyo imekaribia. Kununua bidhaa hiyo si kosa iwapo itatumika ndani ya muda, lakini si ya kuwekwa akiba hadi Pasaka. Nyama nayo inunuliwe kwenye bucha inayouza nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri.

Simu ni miongoni mwa zawadi zinazonunuliwa sana, na ni rahisi kughushiwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze *#06# ili kupata namba tambulishi ya simu husika, yaani IMEI, kisha aitume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litamweleza aina ya simu inayotambuliwa kwa namba hiyo, na likitofautiana na simu aliyoishika mkononi asiinunue. Simu inayouzwa njiani bila boksi wala risiti inaweza kuwa mali ya wizi, na aliyeinunua anaweza kujikuta akihojiwa na Polisi.

Malipo na risiti

Kutoa fedha nyingi hadharani katikati ya umati huvuta macho ya wezi. Ni salama zaidi kugawa fedha katika mifuko miwili ya ndani na kuacha kiasi kidogo tu mahali pa kufikika kwa urahisi. Anayepokea chenji aihesabu kabla ya kuondoka mezani, na noti aziangalie kwenye mwanga ili kuona alama ya maji yenye sura ya Mwalimu Nyerere.

Malipo kwa simu hupunguza mzigo wa fedha taslimu, lakini yanahitaji utulivu. Mlipaji asome jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri na alilinganishe na jina la duka au la muuzaji. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa mhudumu wa mtandao. Ujumbe unaoelekeza kwamba "ile hela itume kwenye namba hii" huwanasa kirahisi watu wanaosubiri kutuma au kupokea fedha za sikukuu. Ujumbe wa namna hiyo usijibiwe, bali utaarifiwe kupitia namba 15040. Vilevile, kila mwananchi anaweza kubonyeza *106# kuhakiki namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Mfumo wa mashine za kielektroniki za kutolea risiti ulianza kutumika nchini mwaka 2010, na wito wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti unafahamika kwa wengi. Wengi huitazama risiti kama suala la kodi pekee. Kwa mnunuzi wa Desemba, risiti ni pia ushahidi wa tarehe, bei na mahali bidhaa iliponunuliwa. Bila hiyo, madai ya pasi iliyoungua siku ya pili au kiatu kilichofumuka hukosa msingi. Risiti isomwe papo hapo ili kuhakikisha kiasi kilichoandikwa ni kile kilicholipwa. Pale muuzaji mdogo asipokuwa na mashine, aombwe kuandika kwa mkono jina lake, bidhaa na bei.

Mwisho, mnunuzi aende na kikapu au mfuko wake imara. Matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa yamepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mfuko mmoja mkubwa unaofungwa juu ni rahisi kuulinda kuliko mifuko midogo mitano.

Usalama ndani ya umati

Madhara makubwa zaidi ya msongamano si ya fedha. Tarehe 1 Februari 2020, katika mji jirani wa Moshi, watu 20 walipoteza maisha katika uwanja wa Majengo baada ya waumini kukimbilia kwa pamoja mahali palipomwagwa mafuta ya upako. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, jijini Kampala nchini Uganda, watu wasiopungua 9 walifariki katika jengo la biashara la Freedom City walipokuwa wakisukumana kupita njia moja kwenda kutazama fataki za Mwaka Mpya. Matukio haya hayakutokea sokoni, lakini chanzo chake kinafanana na kinachoweza kutokea mbele ya duka lenye punguzo, ambako watu wengi hukimbilia kitu kimoja kwa wakati mmoja kupitia njia finyu.

Wataalamu wa usalama wa mikusanyiko hueleza kuwa hatari huanza watu wanapofikia takriban 5 katika eneo la mita moja ya mraba. Hapo mtu hawezi tena kuchagua mwelekeo, kwa kuwa mwili wake huenda unakosukumwa. Wengi wanaofariki katika hali hiyo hukosa pumzi kwa kubanwa kifua wakiwa wamesimama au wameangukiana. Kwa sababu hiyo, dalili za mapema zisipuuzwe. Mtu anapoguswa mabega yote mawili kwa wakati mmoja, au anaposhindwa kuinua mikono, huo ni wakati wa kutoka, hata kama kitu alichokifuata kiko hatua chache mbele.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

- Kabla ya kuingia sokoni au dukani, tambua njia mbili za kutokea.
- Unapobanwa, weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili kulinda nafasi ya kupumua.
- Usishindane na msukumo wa watu. Sogea nao huku ukielekea pembeni kidogo kidogo.
- Usiiname kuokota kitu kilichoanguka, iwe simu au fedha.
- Ukianguka na ukashindwa kuinuka, lala kwa ubavu, kunja magoti na kinga kichwa kwa mikono.
- Usipige kelele za kutisha umati. Waeleze walio nyuma wasimame na warudi nyuma.

Moto nao ni hatari inayohitaji tahadhari. Arusha inakumbuka kuteketea kwa soko la Samunge mwaka 2020, na taifa linakumbuka moto wa soko la Kariakoo wa tarehe 10 Julai 2021. Mnunuzi akiona nyaya zinazotoa cheche au kusikia harufu ya kuungua, aondoke eneo hilo na kutoa taarifa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114.

Watoto na wazee

Siku ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walifariki mjini Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Kwa mtoto, umati wa watu wazima ni kama ukuta, kwa kuwa haoni mbele na hewa humfikia kwa taabu. Pale ambapo hakuna budi kwenda naye, ashikwe mkono wakati wote, na awekewe mfukoni karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya mzazi. Afundishwe kwamba akipotea asimame alipo au aende kwa askari au kwa mama muuza duka, asimfuate mtu anayeahidi kumpeleka nyumbani.

Mtoto akipotea, taarifa itolewe mara moja kwa uongozi wa soko na kituo cha Polisi kilicho karibu, ambako huwapo Dawati la Jinsia na Watoto. Hakuna sababu ya kusubiri saa nyingi zipite. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wasaidiwe kwa kununuliwa mahitaji yao au kupelekwa saa za asubuhi.

Wajibu wa wafanyabiashara

Usalama hauwezi kubaki juu ya mnunuzi pekee. Tangazo linaloahidi zawadi kwa watu wachache watakaotangulia hualika mbio mlangoni. Mfanyabiashara anayetaka kuvuta wateja bila kuhatarisha maisha anaweza kueneza punguzo kwa siku kadhaa, kupanga foleni mapema nje ya duka, kutenganisha mlango wa kuingilia na wa kutokea, na kuweka mtu wa kuhesabu wanaoingia. Milango ya dharura isifungwe kwa kufuli wala kuzibwa kwa marobota na maboksi, na bidhaa zisipangwe kwenye njia za kupita. Wafanyabiashara wadogo nao wanakumbushwa kutumia maeneo waliyotengewa, kwa kuwa njia iliyozibwa na meza ndiyo njia ambayo gari la zimamoto litashindwa kuipita.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Mwananchi aliyepata tatizo ahifadhi risiti, vifungashio na ujumbe wa malipo, kisha aanze kwa kurudi kwa muuzaji. Asiporidhika, awasilishe suala lake kama ifuatavyo:

- Maelezo ya uongo kuhusu bei, bidhaa bandia na kukataliwa haki za mlaji: Tume ya Ushindani (FCC).
- Ubora na usalama wa vyakula, vipodozi na bidhaa nyingine: Shirika la Viwango Tanzania (TBS).
- Mizani na vipimo pungufu: Wakala wa Vipimo (WMA).
- Kunyimwa risiti: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).
- Nauli iliyozidi: LATRA.
- Ujumbe wa utapeli wa simu: namba 15040.
- Wizi, mtoto aliyepotea na dharura nyingine: Polisi, namba 112.
- Ukatili au hatari dhidi ya mtoto: namba 116.
- Moto na uokoaji: namba 114.

Namba hizi ziandikwe kwenye simu kabla ya kutoka nyumbani, maana katikati ya umati hakuna nafasi ya kuzitafuta. Bidhaa iliyokosekana leo inaweza kupatikana kesho katika gulio la Tengeru au Ngaramtoni, na mnunuzi anayeona mlango umejaa anayo haki na busara ya kugeuka na kurudi siku nyingine.